Mahakama Mbili, Majibu Mawili: Jinsi Johnny Depp Alivyoshindwa London na Kushinda Virginia

Kesi ya kuharibiwa jina huanza kuamuliwa siku hati ya madai inapoandikwa, pengine miaka kabla ya shahidi wa kwanza kula kiapo. Siku hiyo mdai huchagua nani wa kushtakiwa, mahakama ipi isikilize shauri, na maneno yapi hasa yalalamikiwe. Mashauri mawili ya mwigizaji wa Marekani Johnny Depp, moja lililosikilizwa London mwaka 2020 na jingine Fairfax, Virginia, mwaka 2022, yanalionyesha hilo waziwazi. Tuhuma zilikuwa zilezile, kwamba alimpiga aliyekuwa mke wake, mwigizaji Amber Heard. Mashahidi wakuu walikuwa walewale. London alishindwa, Virginia akashinda, tena alishinda kule ambako sheria humbana zaidi mtu mashuhuri anayelalamika kuchafuliwa jina.

Heard aliomba talaka na amri ya zuio dhidi ya Depp huko California mnamo Mei 2016. Agosti mwaka huohuo wakamalizana nje ya mahakama, Depp akikubali kumlipa dola milioni 7. Madai ya 2016 yenyewe hayakuwa rahisi kufunguliwa kesi ya kashfa. Maneno yanayosemwa ndani ya shauri la mahakama yana kinga, na muda wa kufungua kesi ya aina hii California ni mwaka mmoja tu, sawa na Uingereza na Virginia. Kwa hiyo Depp alihitaji maneno mapya yaliyotolewa nje ya mahakama. Mwaka 2018 yalipatikana mara mbili. Aprili 27 gazeti la The Sun la Uingereza lilichapisha makala ya mhariri wake Dan Wootton iliyomwita Depp mpiga mke na kuhoji kwa nini mwandishi J.K. Rowling aliridhia apewe nafasi katika filamu mpya ya Fantastic Beasts. Desemba 18 gazeti la Washington Post likachapisha kwenye mtandao makala ya maoni iliyobeba jina la Heard mwenyewe.

Kwa makala ya kwanza, Depp alimshtaki Wootton pamoja na kampuni inayochapisha The Sun, News Group Newspapers, katika Mahakama Kuu ya London. Uchaguzi huo ulikuwa na mantiki inayoeleweka. Katika sheria ya Uingereza, maneno yanayomshushia mtu hadhi huchukuliwa kuwa ya uongo mpaka aliyeyachapisha athibitishe kuwa ni kweli. Mzigo wa uthibitisho unabebwa na mdaiwa. Kanuni hiyo ndiyo iliyorithiwa na mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania, na ndiyo sababu London imekuwa kimbilio la watu maarufu kutoka pande zote za dunia wanaotaka kusafisha majina yao.

Faida hiyo, hata hivyo, ina upande wake wa hatari. Gazeti lilichagua utetezi wa ukweli chini ya kifungu cha 2 cha Sheria ya Kashfa ya mwaka 2013, likaorodhesha matukio 14 ya vurugu. Halikulazimika kuthibitisha yote. Lilitakiwa kuonyesha kwamba maana ya makala ni ya kweli kwa kiini chake, na kwa kiwango cha madai ya kawaida, yaani kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa lilitokea kuliko kutotokea. Depp alikuwa na milango 14 ya kulinda, na ingetosha michache ifunguke. Jaji Andrew Nicol alisikiliza shauri peke yake bila juri, kama ilivyo desturi tangu sheria hiyo ya 2013, kwa siku 16 za Julai 2020. Novemba 2 alitoa hukumu ya zaidi ya kurasa 100 na kukuta matukio 12 kati ya 14 yamethibitishwa.

Namna jaji huyo alivyofanya kazi ndiyo iliyomwangusha Depp. Alilipitia kila tukio kwa zamu, akilinganisha maneno ya kizimbani na kilichoandikwa wakati ule: jumbe za simu, barua pepe, picha, maelezo waliyopewa marafiki. Jumbe za Depp mwenyewe ziligeuka silaha ya upande wa pili. Zilisomwa zile alizomwandikia mwigizaji mwenzake Paul Bettany mwaka 2013, ambamo alizungumzia kumchoma moto Heard. Hata kabla ya usikilizwaji kuanza, jaji alikuwa ameshaona kwamba upande wa Depp ulikiuka amri ya kukabidhi nyaraka, kwa kutotoa jumbe zilizohusu dawa za kulevya, na kesi nzima nusura ifutwe kwa sababu hiyo. Mdai wa kashfa huufungua maisha yake yote. Asiyetaka simu yake isomwe mahakamani hana budi kulifikiria hilo kabla ya kufungua kesi.

Lipo pia jambo lililoonekana dogo wakati ule. Kwa kuwa mdaiwa alikuwa gazeti, Heard alikuwa shahidi tu, na hakubanwa na wajibu wa kukabidhi nyaraka zake kama mhusika wa kesi. Aliieleza mahakama kwamba fedha za talaka alizitoa sadaka. Jaji Nicol alilipa uzito hilo, akiona kwamba mwanamke aliyefuata mali asingezigawa dola milioni 7. Baadaye ilibainika kwamba sehemu kubwa ya ahadi hiyo ilikuwa haijalipwa. Depp aliipeleka hoja hiyo Mahakama ya Rufani akiomba ruhusa ya kukata rufaa. Machi 2021 majaji walimkatalia, wakisema isingebadilisha matokeo.

Gharama ya kushindwa London ilikuwa nzito kuliko ile ya makala yenyewe. Kabla ya kesi, maneno ya The Sun yalikuwa tuhuma ya gazeti la udaku. Baada ya kesi yakawa matokeo ya uchunguzi wa Mahakama Kuu. Siku nne baada ya hukumu, Depp alitangaza kwamba kampuni ya filamu ya Warner Bros. imemwomba ajiuzulu kutoka filamu za Fantastic Beasts, naye amekubali. Tena Uingereza aliyeshindwa humlipa mshindi gharama za mawakili, na Depp aliamriwa kutanguliza takriban pauni 628,000.

Shauri la Virginia lilikuwa limefunguliwa tangu Machi 1, 2019, likidai dola milioni 50. Safari hii Depp alimshtaki Heard peke yake, akaliacha Washington Post. Hapo ndipo penye ustadi wa mawakili wake. Nchini Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika shauri la New York Times dhidi ya Sullivan mwaka 1964, kiongozi wa umma anayedai kukashifiwa hana budi kuthibitisha, kwa ushahidi ulio wazi na wenye nguvu, kwamba msemaji alijua anasema uongo au hakujali kama ni kweli. Baadaye kanuni hiyo ilipanuliwa ikawahusu watu mashuhuri kwa jumla. Dhidi ya gazeti, ukuta huo karibu haupandiki, kwa kuwa mhariri atasema alimwamini mwandishi wake na hapo kesi imekwisha. Dhidi ya mtu anayesimulia yaliyompata mwenyewe, ukuta unaporomoka. Ikiwa kipigo hakikutokea, yeye hawezi kusema alikosea kwa nia njema. Juri ikishaona kwamba maneno ni uongo, imeshaona pia kwamba aliyeyasema alijua. Maswali mawili magumu yakawa moja: nani anaaminika?

Mahakama nayo ilichaguliwa kwa makini. Wote wawili walikuwa wakazi wa California, na California ina sheria kali dhidi ya kesi za kunyamazisha watu. Mdaiwa anaweza kuomba shauri litupwe mapema kabisa, na ukusanyaji wa ushahidi husimama wakati ombi hilo linasikilizwa. Sheria ya Virginia wakati huo ilikuwa dhaifu kwa kulinganisha. Kilichoiunganisha Virginia na makala hiyo ni kwamba seva za Washington Post na mtambo wake wa kuchapa vilikuwa katika kaunti ya Fairfax. Heard aliomba shauri lihamishiwe California, na mwaka 2019 Jaji Bruce White alikataa. Baada ya hukumu ya London aliomba shauri litupwe, akisema suala limeshaamuliwa. Agosti 2021 Jaji Penney Azcarate alikataa kwa sababu Heard hakuwa mhusika katika shauri la London. Ile hali ya kuwa shahidi tu, iliyomkinga kule, sasa ikamgeukia.

Udhaifu wa kesi ya Virginia ulikuwa katika maneno yenyewe. Makala haikumtaja Depp kwa jina. Ilimweleza Heard kuwa mtu aliyekuja kuwakilisha wahanga wa ukatili wa nyumbani miaka miwili nyuma, na mawakili wa Depp walijenga hoja ya kashfa ya fumbo, yaani kwamba kila msomaji aliyekumbuka habari za 2016 alijua anayesemwa. Kauli tatu zilifika mbele ya juri. Moja ilikuwa kichwa cha habari cha mtandaoni, kilichotaja ukatili wa kingono. Heard hakukitunga, lakini aliisambaza makala kwenye Twitter, na juri ikahesabu kwamba ameichapisha upya. Kauli hiyo ililipanua shauri. Ushahidi wa kushambuliwa kingono, ambao sehemu yake London ilisikilizwa faraghani, Fairfax ulitolewa mbele ya kamera zilizorusha moja kwa moja ulimwenguni kote. Upande wa Heard ulipinga kamera, jaji akaziruhusu. Wajumbe wa juri walirudi majumbani mwao kila jioni kwa muda wote wa shauri, wakati mitandao ya kijamii imefurika kejeli dhidi ya shahidi. Ni vigumu kuona haki ipi ilihitaji mwanamke asimulie jambo kama hilo kwa namna ile, awe anaaminika au haaminiki.

Kanuni za ushahidi nazo zilikuwa tofauti. Uingereza, ushahidi wa kusikia hupokelewa katika mashauri ya madai, na jaji ndiye anayepima uzito wake. Virginia, maandishi ya wataalamu wa saikolojia waliomhudumia Heard, ambayo upande wake uliyaona kuwa kumbukumbu za wakati ule, yalizuiwa kwa kanuni inayokataza ushahidi wa kusikia. Juri ya watu saba iliona nyaraka chache zaidi na nyuso nyingi zaidi.

Tukio moja linaonyesha jinsi uso unavyoweza kushinda nyaraka. Akiwa kizimbani, Heard alimtaja kwa kupita mwanamitindo Kate Moss na uvumi kwamba Depp aliwahi kumsukuma kwenye ngazi. Wakili wa Depp, Benjamin Chew, alikunja ngumi kwa furaha kwenye meza yake, kwani jina likishatajwa na shahidi, upande wa pili unaruhusiwa kulijibu. Mei 25, 2022 Moss alitokea kwa video kutoka Uingereza na kuzungumza kwa dakika chache tu: mvua ilikuwa imenyesha, aliteleza, Depp alikuja mbio akambeba. Nalo suala la sadaka likarudi, safari hii kwa Heard aliyekuwa mdaiwa kamili. Shirika la kutetea haki za kiraia la ACLU, lililoahidiwa dola milioni 3.5, lilieleza kwamba lilikuwa limepokea milioni 1.3 kwa niaba yake. Wakili Camille Vasquez alimhoji kuhusu tofauti ya kuahidi na kutoa, na Heard akajibu kwamba kwake maneno hayo yana maana moja, akaongeza kwamba kesi ndiyo iliyomzuia kumaliza malipo. Jibu hilo halikuhusu kipigo hata kidogo. Lilihusu kuaminika, na kuaminika ndiko kulikokuwa kesi nzima.

Upande wa Depp haukutoka bila doa. Heard alikuwa amefungua madai kinzani ya dola milioni 100 kuhusu maneno ambayo wakili wa Depp, Adam Waldman, aliliambia gazeti la Daily Mail mwaka 2020. Juri ilikuta kauli moja kati ya tatu kuwa ya kashfa, ile iliyodai kwamba Heard na rafiki zake walivuruga nyumba na kupanga njama kabla ya kuwaita polisi. Depp aliwajibishwa kwa kinywa cha wakala wake. Wakili anayeendesha kesi magazetini anaweza kumzalishia mteja kesi nyingine, na hatari hii husahaulika mara nyingi kwa sababu vyombo vya habari humkaribisha kwa furaha.

Juni 1, 2022 juri ilimpa Depp fidia ya dola milioni 10 na milioni 5 za adhabu. Sheria ya Virginia huweka kikomo cha dola 350,000 kwa fidia ya adhabu, hivyo jumla ikashuka hadi milioni 10.35. Heard alipewa milioni 2. Pande zote zilikata rufaa, na Desemba 2022 zikapatana: Depp angelipwa dola milioni 1, zitolewe na kampuni ya bima ya Heard, naye akaahidi kuzigawa kwa mashirika ya hisani. Heard alisisitiza kwamba mapatano hayo si kukiri kosa. Rufaa zilifutwa kabla hazijasikilizwa, na hivyo hoja za kamera, za mahali pa kufungulia shauri na za nyaraka zilizozuiwa hazikuamuliwa. Hukumu ya Jaji Nicol nayo haijatenguliwa.