G613 Yatua Kua: Kibodi Isiyojua Chaja

Jamani, imefika! Imevuka bahari kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, ikapakiwa bodaboda hadi Utende, ikateremka mashuani hadi huku kwetu Kua, kisiwani Juani. Logitech G613, kibodi ya gemu isiyo na waya, iko mezani kwangu! Nimeibonyeza tangu wageni wa magofu ya Kua walipowahi maji kurudi Utende, na vidole bado havijashiba.

Ndugu zangu wa Dar walitaka ninunue G915 ya kampuni hiyohiyo. Ni nzuri mno, nyembamba, inawaka rangi zote za dunia. Lakini ukiziwasha taa zake kwa mwanga wote, betri inakwenda saa 30 hivi, kisha inadai chaja. Mimi hapa Kua natumia sola. Kwanza zichajiwe simu, kisha taa ya ndani, kisha laptopu. Kibodi nayo ikijipanga foleni hiyo, mechi itachezwa saa ngapi?

G613 haimo kwenye foleni kabisa! Inakula betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, na watengenezaji wanasema zinaweza kufika miezi 18. Miezi 18! Imewezekana kwa sababu chini ya vitufe hakuna taa. Kwa maisha ya kisiwani sijaona uamuzi wa busara kuliko huo.

Na mbonyezo wake, subhanallah! Swichi zake zinaitwa Romer-G. Kitufe kikishuka milimita 1.5 tu, kompyuta imeshakupokea. Unahisi kigingi kidogo chini ya kidole, na hapohapo kidole kiko huru kwenda kwingine. Nimefungua Counter-Strike, nikacheza na maboti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta, ili nisile bando. A, D, A, D, najificha nyuma ya ukuta, natokea, nafyatua! Kipokezi chake kidogo cha USB kinapeleka taarifa mara 1,000 kwa sekunde, na mimi sikuhisi kuchelewa hata chembe. Kushoto kuna vitufe sita vya ziada. Ukishapakua programu yake unavipangia kazi uzitakazo. Changu cha kwanza kitanunua silaha kwa pigo moja.

Halafu kuna kitufe cha Bluetooth: bonyeza, umehamia kwenye simu, bonyeza cha jirani yake, umerudi kwenye gemu. Hata kistendi cha simu kimo ndani ya boksi!

Usiku wa giza herufi hazionekani, hilo ulijue. Tena ni pana na nzito, karibu kilo moja na nusu, si ya kubeba kila siku. Upepo wa baharini una chumvi, kwa hiyo ukimaliza kucheza ifunike kanga. Betri za bei poa zikichoka ziondoe mapema, zisije zikavuja na kula vyuma.

Ukiipata ya mtumba Kariakoo, kabla hujatoa pesa dai kile kipokezi cha USB. Bila hicho utabaki na Bluetooth peke yake, na raha yote ya gemu imo kwenye kipokezi. Chomeka, washa, jaribu W, A, S na D palepale dukani. Zikiitika, usiiachie!