Tintin kule Kongo: mbwa anasema vizuri kuliko watu

Bandugu, mudogo yangu ana miaka tisa. Juma iliyopita alimaliza Tintin au Congo kwa mchana mmoja, akacheka mpaka machozi. Kisha akaniuliza: "Yaya, juu ya nini ile mbwa inasema Kifaransa muzuri kupita batu?"

Sikuwa na jibu. Nikakisoma upya.

Tuanze na uzuri wake. Hergé alikichora vipande vipande, 1930 mpaka 1931, katika Le Petit Vingtième, gazeti la watoto la Brussels. Kila juma ilibidi mtoto abaki na hamu ya kujua kitakachofuata. Mamba, chatu, chui: hakuna ukurasa unaolala. Picha zake zinaeleweka hata kwa mtoto asiyejua kusoma. Sisi wenye kuandikia watoto tunatanguliza funzo, kisa kinakuja nyuma kimechoka. Hapo Hergé anatushinda.

Lakini makosa yako, na si madogo. Alichora nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Mwaka 1946, alipotoa toleo la rangi, lile somo la kuambia watoto weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji liligeuka kuwa hesabu ya kujumlisha. Ile midomo minene na kile Kifaransa cha kuvunjika vikabaki. Milou, mbwa, anasema sawasawa. Mudogo yangu aliona kweli.

Kuna pahali gari la Tintin linagongana na treni, na treni ndiyo inaanguka! Mutu wa Lubumbashi anacheka kidogo, kisha anakaa kimya. Reli ilifika hapa 1910, na tanuru la Union Minière likaanza kuyeyusha shaba 1911. Wakati Hergé anachora, wazee wetu walikuwa tayari mbele ya moto ule. Kitabuni humuoni hata mmoja wao.

Mimi nilisoma agronomi, basi nikasimama pia kwenye kinini. Tintin anaponyesha mgonjwa, mke wa mgonjwa anamtukuza Muzungu kama mwenye miujiza. Kumbe kinini ni ganda la mti, na mti huo unalimwa kule Kivu.

Udhaifu mkubwa kwangu ni mwingine. Kisa chenyewe ni kizuri: majambazi wa Al Capone wanataka kushika almasi za Kongo. Hapo palikuwa na kitabu kikubwa! Lakini hakuna Mukongomani hata mmoja anayeulizwa: hizi almasi ni za nani? Mgeni anapigana na mgeni juu ya mali, mwenyeji anaangalia paka. Sisi tunaoona malori ya shaba na kobalti yakipita kila siku, hiyo si hadithi ya 1931 tu.

Mwaka 2007 Mukongomani Bienvenu Mbutu Mondondo alikishtaki kitabu hiki Ubelgiji. 2012 mahakama ya Brussels ikamkatalia. Uchungu wake ninauelewa, lakini mimi siombi kifungiwe. Mutoto aliyeuliza swali lile haitaji kufichwa kitabu.

Nilimjibu hivi: "Ule mwenye kuchora alijua mbwa yake. Batu, hakubajua." Akafikiri, akasema: "Basi kuko kitabu ya ule mwenye anabajua?"

Nimemrudishia Tintin. Hilo swali la pili bado ninalo. Wenye kujua kitabu cha safari na hatari ambamo mutoto wa kwetu ndiye anaongoza, muniambie jina. Mudogo anangoja.