Wanaopokezana Bahasha

Kuna karatasi ambazo simu haiwezi kuzibeba. Hati ya nyumba unaweza kuipiga picha ukaituma kwa WhatsApp, ikafika Dar es Salaam kabla hujairudisha simu mfukoni. Lakini hakimu anayetaka uthibitisho wa mali isiyohamishika ya mdhamini hataki picha. Anataka hati yenyewe mezani, yenye muhuri na namba yake. Sasa chukulia kwamba hati hiyo iko kabatini Mbeya, na ndugu yako amesomewa masharti ya dhamana katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Alhamisi mchana. Ofisi za serikali hufunga saa tisa na nusu alasiri. Ijumaa ikipita bila hati kuonekana, mtu ambaye sheria imekwisha kumruhusu kwenda nyumbani atalala mahabusu mpaka Jumatatu.

Wapo watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuhakikisha hilo halitokei, na sijawahi kusikia wakisifiwa mahali popote. Ni makarani wa vifurushi wa mabasi ya mikoani. Utawakuta pembeni mwa ofisi ya tiketi, kwenye kachumba chembamba chenye mzani, daftari kubwa la mistari, na rundo la maboksi ya vipuri, maparachichi na simu zilizotoka kwa fundi. Katikati ya mizigo hiyo yote hupita bahasha. Haina uzito wala haichukui nafasi, na nauli yake ni ndogo kuliko ya gunia. Karani aliyeiva huitambua mara moja kwamba ndiyo mzigo mzito kuliko yote iliyomo chumbani.

Alasiri moja stendi ya Mbeya nilimtazama dada mmoja akimhudumia mzee aliyekuja na bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Hii lazima ifike Dar kesho asubuhi.”

“Anayepokea ni nani?”

“Kijana wangu.”

“Mpigie sasa hivi, niongee naye.”

Hakuwa amegusa bahasha bado, wala hajataja bei. Aliichukua simu, akamwambia yule kijana jina la basi, namba zake za usajili, saa linayotarajiwa kuingia Mbezi, dirisha la kwenda kusimama, na kwamba bila kitambulisho hatapewa kitu. Kisha akamtaka ayarudie yote, moja baada ya jingine. Kijana alipokosea namba ya basi, dada akaitaja upya, polepole. Ndipo akaingia kwenye kazi ya mikono. Alikata vipande viwili vya kadibodi, akaiweka bahasha katikati, maana hati haikunjwi. Juu yake mfuko wa nailoni, kwa ajili ya mvua na chupa za maji za abiria, halafu selotepu pande zote nne. Kwa maka peni akaandika jina la mpokeaji, namba mbili za simu, na DAR – MBEZI kwa herufi kubwa. Kilichomo ndani hakukiandika. Risiti ilikuwa na kaboni: nakala moja ya mzee, moja akaibandika kwenye mzigo, moja ikabaki kitabuni.

Basi lilipokaribia kutoka, alitoka nje ya kaunta akaipeleka bahasha mwenyewe. Hakuitia kwenye buti pamoja na magunia. Alimpa konda mkononi, akamsubiri atie sahihi kwenye daftari, akapanda ngazi mbili kumwonyesha dereva mahali ilipowekwa. Mzee alikuwa akiyafuatilia haya yote kwa macho, na nilimwona mabega yakimshuka.

Kwa maoni yangu, kiini cha ufundi huu ni ile dakika ambayo bahasha inatoka mkono mmoja kuingia mwingine. Wengi wetu tukiwa na haraka huwaza mwendo. Tunauliza basi gani linakimbia, dereva gani hana masihara. Lakini kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na njia haimwogopi mtu mwenye haraka. Kuna Makambako na Iringa, kuna mteremko wa Kitonga ambako lori moja likilala barabarani kila kitu kinasimama, kuna Mikumi ambako barabara inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi na magari hulazimika kupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inayafuatilia mabasi kwa vifaa vilivyofungwa humo. Saa za barabarani zinajulikana, na haki yake ni kuheshimiwa. Muda unaopotea ni ule ambao karatasi imelala: kwenye kaunta ambako hakuna aliyeiandika, kwenye gari ambalo konda wake hajui ameibeba, kwenye ofisi ya mji wa pili ambako hakuna aliyempigia mpokeaji. Bahasha inaweza kumaliza kilomita zote hizo usiku mmoja, kisha ikakaa siku tatu mita kumi kutoka kwa mtu anayeisubiri.

Baybars, sultani wa Misri aliyetawala kuanzia 1260 hadi 1277, alilielewa jambo hili. Alipofufua mfumo wa matarishi wa farasi kati ya Kairo na Dameski, barua zikawa zinafika kwa siku nne hivi. Farasi wake walikuwa farasi kama wengine, wenye kuchoka na kuhitaji maji. Alichokifanya ni kupanga vituo njia nzima, kila kituo kikiwa na farasi aliyepumzika, ili barua isisubiri mnyama wala mtu. Ukiutazama usiku wa basi la Mbeya, ni mpango uleule wa kupokezana.

Na gharama ya kuchelewa inaweza kuwa ya kutisha. Vita Kuu ya Kwanza ilisimamishwa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck na askari wake walikuwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, katika eneo la Kasama, na vita vikaendelea kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kuwaambia waache. Habari ilimfikia siku mbili hivi baadaye, pale watu wake walipomkamata mpanda pikipiki wa Kiingereza aliyekuwa amebeba telegramu. Silaha zikakabidhiwa Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, tarehe 25 Novemba. Telegramu ilivuka bahari na mabara kwa waya, halafu kipande cha mwisho kikabaki kwa kijana mmoja na pikipiki yake porini. Nikikumbuka maelfu ya wapagazi waliofia vita ile wakibeba mizigo ya watu wengine, naona kila siku iliyoongezwa juu yake ilikuwa dhuluma.

Siku hizi usiku wenyewe umerudi kuwa mali ya msafirishaji. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku kucha, na bahasha iliyofika stendi alasiri ililala hapohapo mpaka alfajiri. Tangu mwaka 2023 ruhusa imetolewa tena. Anayeipata hati saa tisa alasiri Mbeya anaweza kuipakia jioni, na alfajiri ikawa Mbezi, kabla karani wa mahakama hajafungua mlango. Kwa familia inayohangaikia dhamana, hiyo ni tofauti ya siku nzima.

Lakini ufundi huu nimeuona kwa ukamilifu wake mahali ambapo mtu hategemei kuuona, kwenye kukataa. Siku hiyohiyo alikuja kijana mbio, saa sita na kitu mchana, anataka barua yake iwe Dar kabla ofisi hazijafungwa. Noti alikuwa amekwisha kuziweka kaunta. Dada akazisukuma zirudi.

“Kaka yangu, kwa basi haiwezekani. Nikipokea hela yako nitakuwa nimekudanganya.”

Akamwambia aulize kama ipo ndege ya mchana kutoka uwanja wa Songwe, na kama kuna abiria anayemfahamu wa kuibeba. La sivyo, ampigie anayemsubiri huko amwombe muda, na afanye hivyo sasa hivi, angali na saa tatu mkononi. Karani asiyejali angekata risiti. Basi lingeondoka na barua, kijana angeondoka na matumaini, na ukweli angeujua saa tisa na nusu, hana tena la kufanya. Kumwambia mtu mwenye haraka kwamba huwezi, mapema kiasi cha kumwezesha kutafuta njia nyingine, ni huduma kamili, hata kama haikuingiza shilingi.

Watu hawa wanastahili zaidi ya wanachopata. Wengi hujifunza kazi kwa kumtazama aliyewatangulia. Nyuma ya risiti nyingi kumechapwa maneno kwamba kampuni haiwajibiki kwa hiki na kile, kwa hiyo kinachoilinda bahasha hasa ni dhamiri ya aliyeishika. Ningependa kampuni za mabasi zianze kuwahesabu makarani hawa kuwa mafundi, ziwafundishe na kuwalipa hivyo. Dereva mzuri hutafutwa kwa udi na uvumba. Karani mzuri wa vifurushi hujulikana na wafanyabiashara wa stendi peke yao, ambao humsubiri hata kama pembeni yake kuna dirisha lisilo na foleni.

Upande wa pili wa safari ni kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, kilichochukua nafasi ya Ubungo mwaka 2021. Ni pakubwa, na alfajiri mabasi huingia kwa kufuatana. Hapo bahasha hukutana na hatari yake kubwa kuliko Kitonga, nayo ni wingi wa mizigo. Karani wa zamu hupokea kila kitu kwa mkupuo, na mzuri huanza na vidogo. Hulinganisha namba ya risiti na daftari, humtaka konda atie sahihi ya pili, kisha huinua simu: “Habari za asubuhi, mzigo wako kutoka Mbeya umefika, uko wapi?” Yule kijana wa mzee, kama aliyashika aliyoambiwa, yuko dirishani tayari na kitambulisho.

Kutoka hapo ni Barabara ya Morogoro na foleni yake hadi mjini, kisha masijala ya mahakama, kisha hakimu. Wadhamini wakikubaliwa na mshitakiwa akiwa amekwisha kurudishwa gerezani, mahakama huandika hati ya kumtoa. Hati hiyo nayo ni karatasi yenye muhuri, na mtu hatoki mpaka imfikie mkuu wa gereza. Kwa hiyo kabla ya jioni ya Ijumaa kuna bahasha nyingine inayopaswa kupelekwa, safari hii Segerea au Keko, na kuna mtu anayetakiwa kuipokea, kusoma jina na namba ya kesi, na kutia sahihi.