Asilimia Hazipandi Gari

Kila mwezi unapokaribia kwisha, kabla hajawasha kompyuta, Mama Ratiba hukata karatasi. Ni vipande vyembamba vya manila, kila kipande siku moja ya mtu mmoja, na kila mradi una rangi yake. Huvitandaza mezani, akavisogeza kwa kidole huku na huku kama mcheza bao anayehesabu kete za mwenzake kabla ya zake. Ofisi yake iko Dadamu, pembeni mwa Arua nchini Uganda, eneo ambalo tangu Julai 2020 limeingizwa ndani ya jiji. Jina la Mama Ratiba wamempa wenzake. Ana wafanyakazi kumi na mmoja wa kuwagawa katika miradi minne, na magari mawili.

Hakujua, mpaka nilipomwambia, kwamba mhandisi wa Poland, Karol Adamiecki, alikuwa akipanga kazi kwa vipande vya karatasi vya kusogezwa tangu 1896, kabla michoro ya mistari haijapewa jina la Henry Gantt wa Marekani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo mzee naye alikuwa na magari mawili?"

Nimemtazama akifanya hesabu yake ya kwanza, ile ambayo wengi huiruka. Siku 365. Toa 104 za Jumamosi na Jumapili. Toa sikukuu za taifa, kama 13. Toa likizo ya mwaka, siku 21, kwa maana sheria ya ajira ya Uganda ya 2006 inampa mfanyakazi siku 7 kwa kila miezi minne. Zinabaki 227, ambazo ni kama 19 kwa mwezi. Hapo anapunguza mbili nyingine za mikutano, malaria na misiba, anabaki na 17. Programu anayotumia, Microsoft Project, usipogusa mipangilio yake, huamini kwamba mwezi una siku 20 za kazi, kila siku saa 8. Tofauti ya siku tatu kwa kila mtu, mara watu kumi na mmoja. Mimi mwenyewe niliwahi kupanga kazi za ofisi moja bila kuitoa tofauti hiyo. Kufika mwezi wa tatu kijana mmoja alikuwa anatumikia asilimia 140 ya maisha yake, na aliyekuja kuniambia alikuwa mkewe.

Utamu wa ufundi wake, kwangu, uko katika hatua inayofuata. Bajeti huja na asilimia: afisa ugani huyu, asilimia 20 ni za mradi wa mbegu Lobule, kwenye makazi ya wakimbizi wilayani Koboko. Programu inaipokea asilimia hiyo bila kinyongo na kuitandaza kila siku, saa moja na dakika 36, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwenye skrini inapendeza. Lakini kutoka Arua hadi Koboko ni kama kilomita 55 za lami, halafu lami unaiacha. Saa moja na dakika 36 zinaishia njiani, afisa hajasalimia hata mkulima mmoja. "Asilimia hazipandi gari," husema Mama Ratiba, na kuzigeuza kuwa siku nzima: asilimia 20 ya siku 17 ni siku tatu na kidogo. Anaziweka tatu mfululizo, wiki ya pili ya mwezi, na analo gari moja linaloelekea huko wiki hiyo. Kile kidogo kinachobaki ni cha kuandika ripoti. Dereva naye ana mstari wake kwenye jedwali, na gari lina wake.

Kabla ya kufunga mstari huo alimwita dereva.

"Mzee, Lobule kwenda na kurudi siku moja, inawezekana?"

"Kwenda mtafika, mwanangu. Kurudi muulize mvua."

Akaandika siku mbili za kwenda na kurudi.

Mtu akizidiwa, jina lake huwa jekundu. Programu ina kitufe cha kusawazisha: unakibonyeza, kazi zinasukumwa mbele moja baada ya nyingine mpaka wekundu uishe. Kitufe hicho ni kitamu kwa mvivu. Siku moja alinibonyezea makusudi nione. Ugawaji wa mbegu za karanga na simsim, uliokuwa Machi, ukaruka hadi mwishoni mwa Mei. Hakuna jekundu tena, na hakuna mkulima atakayekuwa anazingoja, kwa sababu wakati wa kupanda kwa mvua za kwanza ungekuwa umeshapita. Akarudisha kama ilivyokuwa, akaipa kazi ile kipaumbele 1000, ambacho kwa programu hiyo maana yake ni usiguse. Wekundu uliobaki aliuendea kwa miguu, dawati kwa dawati, akiuliza nani anaweza kuacha nini.

Idd haiweki kwenye tarehe moja. Koboko ina Waislamu wengi, na mwezi haujaunganishwa na intaneti, kwa hiyo hupaka rangi hafifu siku moja kabla na moja baada, na safari hapangi hapo.

Kuna sehemu ya kazi hii ambayo si ya kupendeza. Kwa miradi inayolipwa na serikali ya Marekani, kanuni zake za fedha zinasema makadirio ya bajeti peke yake hayatoshi kuthibitisha mshahara. Lazima kumbukumbu ionyeshe kazi iliyofanyika kweli. Ofisi nyingi hunakili mpango kwenye fomu ya saa za kazi, zikalingana mpaka nukta. Yeye fomu ikilingana hivyo huirudisha kwa mwenyewe. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje, ofisi zenye kumbukumbu za kweli ziliweza angalau kuona ni nani amepoteza nusu ya kazi yake na nani robo.

Ijumaa niliyoondoka, fomu ya afisa wa Lobule ilisoma siku sita badala ya tatu. Mama Ratiba hakuisahihisha. Alimpigia simu.

"Kaka, hizi tatu za ziada?"

Mbili walilala Koboko kwa mvua, moja walikuwa wanatafuta tairi.

Akafungua mwezi ujao, akauvuta mstari wa Lobule kutoka siku tatu hadi tano, akaunakili hivyohivyo hadi Novemba, kisha akaanza kutafuta ni wapi atazitoa hizo mbili.