Uhakiki wa Vigezo vya Ubora wa Mandhari ya Dirishani kwa Watumishi wa Ofisi: Mfano wa Ikola, Mkoani Katavi

Uhakiki huu unachunguza vigezo vya mandhari ya nje katika kiwango cha Ulaya EN 17037 cha mwaka 2018, na kufaa kwake kwa ofisi za Ikola, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kiwango hicho hupima upana wa pembe ya kutazama, umbali wa kinachotazamwa, na matabaka yanayoonekana: anga, mandhari ya mbali na ardhi. Daraja la juu hudai nyuzi 54, mita 50 na matabaka yote matatu. Dirisha pana la Ikola linaloelekea ziwani laweza kulifikia daraja hilo kwa urahisi.

Hapo ndipo udhaifu unapojitokeza. Ziwa liko magharibi. Jua la alasiri huteremka mbele ya dirisha hilohilo, na maji huakisi mng'ao wake. Mtumishi hulazimika kufunga pazia na kuwasha taa. Mandhari iliyofunikwa haimfaidii, lakini daraja lake halishuki, kwa kuwa EN 17037 hushughulikia mng'ao katika kipengele kingine, mbali na mandhari.

Uhakiki unahitimisha kuwa vipimo vya umbo pekee havitoshi. Tathmini ihesabu pia saa za kazi ambazo dirisha laweza kubaki wazi. Kwa kigezo hicho, luva za wima zinazogeuzwa zingestahili alama kuliko upana wa kioo, kwani upenu hauzuii jua lililokwisha kuinama.