Treni ya Truman na Ghala la Mkulima

Treni inapunguza mwendo, inasimama. Watu wamejaa hadi kwenye reli. Nyuma ya behewa la mwisho, lililoitwa Ferdinand Magellan, pazia linafunguliwa na Rais Harry Truman wa Marekani anatokea kibarazani. Anautaja mji, anazungumzia mazao yao, analilaumu Bunge, kisha anawatambulisha mkewe Bess na binti yao Margaret. Dakika chache tu, treni inaondoka.

Ndivyo Truman alivyoomba kura mwaka 1948, akisafiri zaidi ya maili 30,000. Lakini mpinzani wake mkuu, Thomas Dewey wa chama cha Republican, naye alikuwa na treni. Tofauti ilitoka wapi?

Kwanza, maandalizi. Huko Washington, watafiti wachache wa chama chake cha Democratic, wakiongozwa na William Batt, waliandaa maelezo ya miji ambayo treni ingesimama: wenyeji wanalima nini, kipi kinawakera. Wasaidizi wakayafanya dondoo, na Truman, aliyewahi kulima shamba la familia Missouri kwa takriban miaka kumi, akazungumza kwa maneno yake mwenyewe.

Pili, hoja yenyewe. Ili apate mkopo wa serikali uliomkinga na bei mbovu, mkulima alitakiwa awe na nafaka kwenye ghala lililokubalika. Mwezi Juni, Bunge lenye wingi wa Republican liliizuia taasisi iliyosimamia mikopo hiyo kuongeza maghala. Mahindi yakastawi mno, bei ikaporomoka, na asiye na pa kuhifadhi akauza kwa hasara. Mkulima wa Mbeya au Kitale aliyewahi kuuza gunia kwa bei ya kutupa anaujua uchungu huo.

Tarehe 18 Septemba, kwenye mashindano ya kulima kwa plau huko Dexter, Iowa, Truman aliwaambia maelfu ya wakulima kwamba Bunge hilo limewachoma uma wa shambani mgongoni. Dewey alihubiri umoja wa taifa. Truman alitaja ghala.

Majimbo ya Iowa, Ohio na Wisconsin, yaliyomchagua Dewey mwaka 1944, yakahamia kwa Truman. Ohio aliipata kwa kura 7,107 tu. Kwa kura za wajumbe wanaomchagua rais, alipata 303 dhidi ya 189 za Dewey.

Anayepanga msafara wa kampeni leo aanzie hapo. Kabla ya kutafuta chombo cha kumfikisha kijijini, atafute mtu wa kumweleza hali ya ghala la kijiji hicho.