J.M. na Dzombo: Nani Msema Kweli?

Mtahiniwa akiulizwa katika karatasi ya tatu kuhusu fantasia, jibu huwa limekwisha kukaririwa: fantasia ni matukio yasiyoweza kutokea katika ulimwengu wa kawaida, na mwandishi huitumia ili kumburudisha msomaji na kumtoa katika uhalisia. Akiulizwa kuhusu tawasifu, jibu vilevile li tayari: ni maelezo ya kweli ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwenyewe. Sahihisha karatasi mia moja, mwalimu mwenzangu, nawe utayakuta majibu hayo kwa maneno yale yale. Alama atapata. Hata hivyo, vitabu nilivyovisoma katika likizo mbili zilizopita vimenifanya niyatilie shaka majibu yote mawili, na ningependa nawe uyatilie shaka kabla hujarudi darasani.

Vitabu vyenyewe ni viwili. Cha kwanza ni Mau Mau Kizuizini, tafsiri ya Joel Maina ya kitabu cha J.M. Kariuki ambacho kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1963. Cha pili ni Walenisi (1995), riwaya ya Katama Mkangi. Nilianza na J.M. kwa sababu ya ujirani. Alizaliwa mwaka 1929 huku kwetu Bonde la Ufa, Kabatini, upande wa Bahati, wazazi wake wakiwa maskwota katika shamba la setla. Mwaka 1953 alikamatwa mjini Nakuru, alikokuwa akiendesha hoteli, na hakuwa huru tena hadi mwaka 1960. Wanafunzi wetu hupita katika mitaa hiyo hiyo kila siku ya kufunga shule, masanduku mabegani, wala hakuna anayewaambia kwamba mojawapo ya tawasifu mashuhuri za nchi hii ina mizizi yake hapo.

Jambo la kwanza lililonishangaza katika kitabu hiki si mateso. Ni farasi. J.M. alikuwa ameacha shule kwa kukosa karo na kufanya kazi katika shamba la setla. Kilichomrudisha darasani ni pesa alizoshinda kwa kubahatisha katika mashindano ya farasi! Hebu fikiria mwanafunzi wa kidato cha tatu akiandika hivyo katika insha ya kubuni. Wewe na mimi tungeandika pambizoni, kwa wino mwekundu, kwamba sadfa hii haiaminiki. Tungemwambia mhusika apate karo kwa njia iliyoandaliwa mapema katika msuko. Lakini kwa kuwa jambo hili lilitokea, J.M. haombi ruhusa. Analisema na kuendelea na safari yake.

Hapa ndipo nilipoanza kuona tofauti ambayo vitabu vyetu vya marudio havigusii. Anayesimulia ya kweli anaruhusiwa sadfa. Mwandishi wa fantasia haruhusiwi. Ukitaka ithibati, irudie Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert. Nchi ile inaelea angani, jambo lisilowezekana kabisa, lakini ndani yake hakuna kinachotokea kwa bahati. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Katika utetezi wake anawataja wajumbe sita waliotumwa pande sita, na kila mmoja alikwenda, akateseka, akarudi na habari ya manufaa kwa nchi yake, akatupwa gerezani. Mara sita! Mwendo wa matukio ni mkavu kama hesabu. Msomaji akifika kwa mjumbe wa nne anajua tayari lililompata, na kujua huko ndiko kunakomkasirisha. Fantasia hii inafungwa na kanuni kali kuliko maisha ya mtu yeyote niliyewahi kumsoma.

Turudi kwa J.M. Alihamishwa kambi baada ya kambi: Manyani karibu na Voi, kisiwa cha Manda huko Lamu, kisiwa cha Saiyusi katika ziwa Victoria. Kutoka humo aliandika barua za malalamiko kwa wakubwa wa serikali ya kikoloni, zikatoroshwa nje kwa siri, naye akaadhibiwa vikali kwa ajili yake. Sauti yake anaposimulia haya ni tulivu kupita kiasi. Hajihurumii. Mara nyingine anachekesha, na mara nyingine anamtofautisha askari mwema na askari katili kwa haki ambayo mimi nisingeiweza. Utulivu huu ndio unaowafanya wasomaji wengi waseme kitabu ni ukweli mtupu.

Mimi nasema utulivu huo ni mbinu. Ndani ya kitabu hiki, kama ilivyo katika kila tawasifu, mna "mimi" wawili. Yupo J.M. wa mwaka 1953, kijana asiyejua kama ataiona kesho. Na yupo J.M. wa mwaka 1963, mwanasiasa wa nchi inayopata uhuru, anayejua mwisho wa habari na anayetaka wakoloni na watu wao, waliopigana na walioshirikiana na serikali, waishi pamoja. Wa pili ndiye anayeshika kalamu. Ndiye anayechagua kipi kikae sura nzima na kipi kipite kwa sentensi moja. Kuuona uteuzi huo si kusema kwamba J.M. anadanganya. Ni kuona kwamba ukweli nao husukwa. Nasi tunaosoma leo tunabeba "mimi" wa tatu ambaye yeye hakumjua, yule aliyeuawa Machi 1975 katika nchi aliyoipigania. Kila anapoandika kwa matumaini juu ya Kenya huru, msomaji anasikia kinaya ambacho hakikutiwa na mwandishi.

Sasa Dzombo. Katika Walenisi, Dzombo anahukumiwa kifo, na kifo chenyewe ni kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Badala ya kuangamia anakimudu chombo na kutua katika nchi ngeni isiyo na mabwana wala watwana. Jina la nchi hiyo ukilikata vipande linasema "wale ni sisi", na mtahiniwa yeyote makini hulikata mapema. Mwandishi wake alikuwa mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Serikali ya Kenya huru ilimtia kizuizini katika miaka ya 1980, bila kumfikisha mahakamani.

Weka vitabu hivi viwili mezani pamoja. Waandishi wote wawili walifungwa bila kesi na serikali zilizokuwa Nairobi. Mmoja ameandika majina ya kambi na miaka. Mwingine ameandika mahakama ya nchi isiyo kwenye ramani na chombo kisichokuwapo. Kwa nini?

Jibu langu ni hili. Mwaka 1963 aliyemfunga J.M. alikuwa akifungasha virago. Mwaka 1995 waliomfunga Mkangi walikuwa bado madarakani, na wangebaki humo hadi mwisho wa mwaka 2002. Shaaban Robert naye alipoiandika Kusadikika alikuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Fantasia katika mikono ya hawa haikuwa njia ya kukimbia uhalisia, bali vazi la shahidi ambaye mshtakiwa wake bado amekalia kiti. Mtahiniwa anayeandika kwamba Mkangi "anamtoa msomaji katika uhalisia" amesoma kinyume.

Yamkini utanipinga kwa kumtaja Ngũgĩ wa Thiong'o, na utakuwa na haki. Kutokana na kifungo chake cha Kamiti alitoa tawasifu ya kizuizini mwaka 1981, huku waliomfunga wakiwa wangali wanatawala. Kwa hiyo hofu peke yake haitoshi kuwa sababu. Lakini tazama alichokiandika ndani ya seli yenyewe, kwenye karatasi za chooni: riwaya tunayoijua kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani, yenye wezi wanaoshindana pangoni Ilmorog kwa kujisifia wizi wao. Mtu huyo huyo, kifungo hicho hicho, njia mbili. Ushahidi wa kweli uliweza kusema alivyotendewa Ngũgĩ. Karamu ya wezi iliweza kusema mwizi anavyojiona mwenyewe, na hilo mfungwa hawezi kulishuhudia kwa macho.

Sitaki udhani nimeipenda Walenisi yote. Sehemu ya hukumu na ya chombo ni bora sana. Taharuki ni ya kweli, na upweke wa Dzombo unaingia mwilini. Akishatua, riwaya inakaa chini na kuanza kufundisha. Dzombo anauliza, wenyeji wanajibu, anauliza tena. Wenyeji hawana kasoro, hivyo hawana tabia. Nilijikuta nikitamani hata mmoja wao aibe kuku. J.M., ambaye hakuwa mwandishi wa riwaya, anampita Mkangi kwa mbali katika uchoraji wa wahusika, kwa kuwa hakuweza kuwachagua watu wa kambini mwake. Walikuja na ukaidi wao, woga wao na mizaha yao. Ukimpa mwanafunzi vitabu vyote viwili, mwache agundue hili mwenyewe. Usimpe kama noti.

Tatizo ni kwamba hatumpi. Vitabu teule vyetu ni riwaya, tamthilia na diwani ya hadithi fupi, na tawasifu inabaki kuwa muundo wa insha katika karatasi ya kwanza. Mtoto anaambiwa aandike aina ya maandishi ambayo hajawahi kusoma hata mfano wake mmoja mrefu. Matokeo twayajua sote: alizaliwa, akasoma, akafaulu, akawa daktari, mwisho. KCSE ya mwisho imepangwa kufanywa mwaka 2027, na sijui kama wanaotunga mtaala mpya wa shule za upili wanalifikiria hili. Lakini huna haja ya kusubiri mtaala. Kipindi kimoja cha jioni kinatosha kusoma sura moja ya J.M. kwa sauti.

Kwetu huku jambo hili lina uzito wake. Wengi wa wanafunzi wangu wanatoka Molo, Njoro na Kuresoi, katika jamii zilizohamishwa kwa moto mwaka 1992, 1997 na mwanzoni mwa 2008. Wao wenyewe hawakuyaona, wameyasikia nyumbani au wameusikia ukimya wake. Muhula uliopita niliwapa kidato cha tatu kazi mbili za insha. Katika tawasifu, mwanafunzi mmoja aliandika mistari tisa, na juu ya kuhama kwa familia yake aliandika neno moja tu: "tulihama". Wiki iliyofuata niliwataka waandike kisa cha kifantasia. Huyo huyo alijaza kurasa nne kuhusu kijiji kinachoamka usiku na kutembea kwa miguu yake, nyumba zikifuatana msituni pamoja na maghala na mbwa, na nyanya mmoja akikaa nyuma kabisa akizihesabu nyumba ili ajue ipi haikuja. Zilikosekana mbili.

Sikumwuliza kama ni kweli. Nilimpa alama kumi na saba kati ya ishirini. Tatu nilizikata kwa sababu ya hijai na upatanisho wa kisarufi.